Maji ya Mugeni

Mgeni akifika Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, hapewi maswali, anapewa maji. Hiyo si sheria iliyopigiwa kura Kinshasa, ndiyo maana inafuatwa. Mtu ameshuka milima kutoka Butembo, vumbi limemwingia hata masikioni, mgongo umepondwa na mashimo ambayo kila mheshimiwa anaahidi kuyaziba akija kuomba kura. Utaanzaje kumuuliza anatafuta nini? Unachemsha maji. Binti wa nyumba anayabeba kwenye ndoo mpaka kwenye uzio wa matete nyuma ya nyumba, anaweka sabuni juu ya jiwe, anaita, "Maji iko tayari," anajiondokea. Mgeni anaoga, anakula, analala. Kesho akitaka kusema kilichomleta, atasema. Asipotaka, bado ni mgeni.

Kwa desturi hiyo Kavira alimpokea Ezekieli wa Nairobi. Na kwa desturi hiyohiyo Ezekieli alimvua binti wa Kavira nguo mbele ya dunia nzima, bila kumgusa hata kwa kidole.

Aliyemleta ni Aruna, Mwislamu wa Beni, mwenye jeep ya kupakia samaki, mtu ambaye Kavira amefanya naye kazi tangu enzi ambazo ile jeep ilikuwa bado na rangi. Siku hiyo aliteremsha makasha matupu, kisha akateremsha kijana wa miwani myeusi na mkoba mgongoni.

"Mama Ornella, nakuletea mugeni. Anatoka Nairobi. Nyumba ya kulala kule juu imejaa basoda na bunduki zao."

"Nairobi! Na amefika na meno yote, kwa ile barabara yako?" Kavira akapangusa mikono yenye magamba ya samaki. "Karibu, baba. Ornella! Weka maji kwa moto."

Kijana alikaa siku kadhaa. Alipenda kila kitu. Alipenda mchanga, alipenda viboko wanaopanda jioni kula majani kati ya nyumba za watu kama wana hati ya kiwanja. Alipenda korongo wenye vichwa vya upara wanaowazunguka kina mama wakipasua tilapia, wanasubiri matumbo kwa uvumilivu wa wapokea kodi. Kamate, mume wa Kavira, alimpakia kwenye pirogi, mtumbwi wake wa kuvulia, akamfundisha kukaa chini na kunyamaza, jambo la pili likiwa gumu zaidi. Alicheza mpira na vijana ufukweni, akaangushwa, akacheka. Alikula obundu, ugali wa muhogo, kwa mikono, akajiunguza vidole, akaomba tena. Na muda wote simu yake ilikuwa juu, inatazama.

Kavira hakuuliza simu inatazama nini. Mgeni haulizwi.

Siku ya kuondoka alitoa noti za dola. "Mama, hii ni ya chumba na chakula."

"Chumba gani? Uliona kibao cha hotel hapa?" Kavira alirudisha mkono wa kijana kifuani kwake. "Sisi tunauzishaka samaki, baba. Mugeni hatumuuzishake." Kisha akamfungia tilapia wa moshi kwenye majani ya mgomba, wale wanene, akamwambia, "Hii ni ya mama yako. Umwambie Kavira anamusalimia."

Kijana machozi yalimlenga. Kavira aliyaona kwa macho yake mwenyewe, na baadaye ndiyo yaliyomchoma kuliko yote.

Video ilishuka ziwani kwa njia ambayo uchafu wote unashukia siku hizi, yaani WhatsApp. Rafiki wa Ornella aliituma kutoka Butembo bila neno lolote. Kavira alimkuta binti yake amekaa nyuma ya tanuri la moshi, simu iko mchangani, uso umefunikwa na kitambaa, akadhani ni moshi.

"Nini?"

"Angalia mwenyewe, mama."

Aliangalia. Lilikuwa ziwa lao, pirogi ya Kamate, viboko. Sauti tamu ya Ezekieli ilisema: "Huu ni ufuko ambao hujawahi kuuona, mpenzi mtazamaji! Na ukarimu wa hawa watu, wacha tu. Ukifika unaletewa maji ya kuoga, moto moto, na mrembo Ornella wa kuyaleta." Hapo alionekana Ornella, ameinama na ndoo inayofuka mvuke, anasukuma mlango wa matete kwa kiuno, anageuka, anacheka kwa meno yote. Picha ikaganda kwenye kicheko hicho. "Yaliyofuata," ikasema sauti, "yanabaki kati yangu na Kongo." Na jicho likakonyezwa.

Chini yake maelfu ya watu walikuwa wanacheka. Wanauliza nauli. Wanauliza kama ana dada.

Kavira alijua Ornella alikuwa anacheka nini. Alikuwepo, alisimama hatua chache tu na kijiko mkononi. Mbuzi wao alikuwa ameivuta taulo ya mgeni kutoka kwenye kamba na kuitafuna, na mgeni alikuwa anamkimbiza akiwa na kaptura. Huyo mbuzi hakuwemo kwenye video. Mbuzi aliachwa nje, msichana akabaki anacheka peke yake kwenye mlango wa bafu la mwanamume.

Kabla jua halijazama simu ililia. Alikuwa Kitsa, mfanyabiashara wa mabati wa Butembo, baba yake Élysée, yule kijana aliyemposa Ornella. Siku ya mbuzi wa mahari ilikuwa imeshapangwa, na Kavira alikuwa ameshavundika ndizi za kutengenezea kasiksi, pombe ya sherehe.

"Mama Ornella, habari ya kwenu. Donc, ile siku yetu, tuisogeze kwanza mbele. Tuangalie mambo."

"Mambo gani, Papa Élysée?"

"Unajua, mama. Watu wanaongea."

Akakata. Wanaume wa mabati hawapotezi vocha.

Usiache mtu akuambie kwamba watu maskini husahau haraka. Kavira hakuwa na shule ya kujisifia, lakini kichwani mwake hakuna kinachooza. Babu yake aliondolewa kwenye ufuko huu na Mbelgiji aliyetangaza kwamba nchi hii ni ya wanyama. Akaja mwingine na kamera kubwa ya miguu mitatu, akataka kiboko, akawaambia watu watoke kwenye picha. Wakati wa Ebola walikuja wa magari meupe. Dada yake mkubwa alifia Mabalako, na ndugu walizuiwa kusogea kaburini, lakini mpiga picha alisogea. Mwaka uliofuata Kavira aliyaona mazishi hayo kwenye kalenda iliyotundikwa ofisini kwa watu, ukutani, juu ya tarehe za mwezi wa nane. Kila aliyekuja alipewa maji. Kila mmoja alikula. Kila mmoja aliondoka na kitu ambacho hakikuwa samaki.

Lakini wale walikuwa wazungu, au waliajiriwa na wazungu, na moyo ulikuwa umeshajitengenezea sugu upande huo. Huyu alikuwa mweusi kama yeye. Alisema Kiswahili kizuri kuliko chake. Alimwita Mama. Alisema kwamba siku hizi sisi sote ni jumuiya moja, mipaka ni mistari ya wakoloni, na Kavira akaitikia, ndiyo, mwanangu, akamwongezea samaki!

"Achia Mungu," Kamate alisema usiku huo, maana Kamate ni mtu wa maji matulivu.

"Mungu hana WhatsApp."

Aruna alipofika kupakia mzigo hakusalimia. Alikuwa ameshaiona. Alisimama mbele ya Kavira amevua kofia, mtu mzima na mvi zake.

"Mama Ornella, ni mimi njo nilimuleta."

"Na ni wewe njo utanipeleka. Huyo kijana iko wapi?"

"Angali Butembo. Hotel, kule karibu na rond-point. Anangoja gari ya Kasindi, mupakani."

"Basi leo hupakii samaki. Unapakia sisi."

Wakapanda milima, Ornella katikati, Kavira dirishani. Kijiji cha Kyondo, juu mlimani, kilipita na baridi yake. Mahali fulani Ornella alisema polepole, "Mama, usimupige," na Kavira akajibu kwamba hajaahidi kitu.

Hakwenda hotelini kwanza. Alimwambia Aruna asimame kwa Kitsa, akaingia dukani akiwa na vitenge vyake vinavyonuka moshi, akawakuta Kitsa na Élysée wanapima mabati. Élysée alipomwona Ornella mlangoni alifungua kinywa, akamwangalia baba yake, akakifunga.

"Papa Élysée, ulisema muangalie mambo," Kavira alisema. "Kuya tuangalie pamoja. Vaa kofia."

"Mama, mambo kama haya yanaongelewa na bazee, kwa utaratibu..."

"Video ilipita kwa utaratibu gani? Vaa kofia."

Kitsa akavaa, na Élysée akafuata nyuma. Ezekieli alikuwa uani mwa hoteli kwenye meza ya plastiki, anakunywa soda. Alipomwona Kavira aliruka juu, mikono wazi, furaha imemjaa usoni. Hata hapo! Hata hapo alifurahi.

"Mama! Mama yangu wa Kyavinyonge! Jamani karibuni, ketini, mnywe nini?"

"Hatunywi. Unamjua huyu?"

"Ornella! Mambo?"

Ornella alimtazama kama mtu anavyotazama samaki aliyelala jana juani.

"Ulisema yaliyofuata yanabaki kati yako na Kongo," Kavira akasema. "Mimi ni Kongo. Huyu ni baba mukwe wake, na yeye ni Kongo. Sema yaliyofuata."

Kijana alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake. "Ah, Mama. Ile ni mbwembwe tu. Ni lugha ya mtandaoni, lazima uwaache watu na hamu. Kila mtu anajua ni utani."

"Kila mutu nani? Huyu papa hajue. Amesogeza harusi ya mutoto wangu juu ya utani wako."

Hapo Ezekieli aliiweka soda chini. Alivua miwani. "Sikujua," alisema. "Mama, wallahi sikujua kuna harusi. Hakuna aliyeniambia."

"Uliulizia?"

"Nitaifuta. Sasa hivi. Na ile video imeniingizia kitu kidogo, naweza..."

"Ukitoa pesa nitakupiga na kiti hiki," Kavira alisema bila kupandisha sauti, na Aruna, kwa tahadhari, akakisogeza kiti. "Iko mu simu za batu wote, utaifuta mu simu ya nani? Sikiliza. Onyesha mbuzi."

"Nini?"

"Mbuzi yangu. Simu yako ilikuwa imeegemea kwa muti inapiga picha wakati mbuzi inakula taulo yako. Uliikata wapi? Itafute. Onyesha huyu papa picha nzima."

Kijana alihangaika na simu, akapata ile picha ndefu kama ilivyotoka. Wakainama wote. Ornella na ndoo. Mbuzi na taulo. Sauti ya Ezekieli mwenyewe ikipiga kelele, "Wewe mbuzi, hiyo nimenunua Dubai!" na yeye akipita mbele ya picha na miguu yake myembamba. Ornella akigeuka, akicheka mpaka maji yanamwagika, akiweka ndoo ndani, sabuni juu ya jiwe. "Maji iko tayari!" Akaondoka zake. Kavira pembeni na kijiko chake, anacheka pia. Uzio ukabaki na mvuke tu.

Aruna alicheka kwa pua, akajizuia. Élysée aliangalia chini.

"Umeona, Papa Élysée?"

Kitsa alijikohoza, akarekebisha kofia. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu anayepangwa safu ya mbele kanisani, na safu ya mbele ina bei yake. "Nimeona, mama. Mimi, binafsi, naamini. Tangu mwanzo niliamini. Mais, watu hawajaona mbuzi. Watu wameona ile nyingine. Tungoje kidogo, ipoe. Mwaka ujao..."

Kumbe hasira ya Kavira ilikuwa bado haijafika. Ile ya kwanza ilikuwa mjumbe tu.

"Papa Élysée. Ulipokuyaka kwetu kuomba mutoto, ulishuka na vumbi. Nani alikupelekeaka maji?"

Kitsa akaigusa kofia tena.

"Nakuuliza."

"Ni Ornella."

"Mpaka ndani ya uzio?"

"Mpaka ndani."

"Na alicheka?"

"Mama..."

"Alicheka, juu ulimwambia utani wa mabati. Nilisikia. Sasa ulitoka mule ndani na mawazo gani?" Hata mhudumu alisimama na sinia. "Huyu wa Nairobi hajue kitu. Kwao maji inatoka mu ukuta, akiona mutoto na ndoo anaona sinema. Nitamusamehe siku moja, labda nikiwa marehemu. Mais wewe? Wewe Munande muzima, wa kabila yetu? Mu nyumba yako, leo nikifika na vumbi, nani ataniwekea maji, si binti yako? Unajua ile maji ni nini. Ulijuaka. Na uliamini simu!"

Ezekieli, na hapa ndipo ujue baadhi ya watu hawaponi, alikuwa ameinua simu tena, taratibu, usawa wa kifua. "Mama, hii ni nguvu sana," alinong'ona. "Rudia hapo mwisho. Nitawaonyesha watu ukweli."

Ornella ndiye aliyeichukua. Aliitoa mkononi mwake bila haraka, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaitumbukiza ndani ya glasi ya soda, akaiacha humo inatoa mapovu.

"Twende, mama," alisema. Na kwa Kitsa, kwa adabu na heshima zote: "Papa, msisogeze kitu tena. Mbuzi zenu zibaki na majani yao."

Élysée hakusema neno. Alisimama kati ya baba yake na mlango kama bati lisilojua litapigiliwa nyumba gani.

Wakatoka. Ornella alilia garini, kwa hasira kuliko kwa huzuni, na Kavira hakumbembeleza kwa sababu hakujiamini. Jeep ilikuwa inapinda kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara karibu na hoteli, kitu kilipogonga nyuma. Aruna akaangalia kioo.

"Kuna mutu amepanda juu ya makasha."

"Nani?"

"Bwana ya mabati. Ule mudogo."

"Tembeza gari," Kavira alisema.

Lakini rond-point ya Butembo haimtii mtu mwenye hasira. Lori la mbao lilikuwa limekwama mbele, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanagombana, na motard kadhaa wa pikipiki wamejipanga kivulini wakingoja abiria. Mmoja wao, kijana wa jaketi jekundu, alichungulia dirishani, akatazama mara mbili.

"Hé! Si ni yeye! Ornella wa maji!" Akapiga honi. "Batu, kuyeni! Yaya Ornella, dada yangu, hata mimi natoka mbali, niangalie vumbi hii! Utaniletea lini?"

Wakacheka. Wengine wakasogea, simu zikatoka mifukoni. Ornella akajikunja, akawa mdogo kama ngumi. Kavira alishika kitasa cha mlango, na Mungu anajua alichotaka kufanya, lakini makasha yalilia juu na Élysée akaruka chini, na shati lake jeupe la dukani limechafuka magamba ya samaki.

"Nani anataka maji?" aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Ah, na wewe ni nani, muogeshaji?"

"Njo mimi. Élysée wa Kitsa. Ni mimi naoa pale. Uko na vumbi?"

"Mingi sana, patron!" Jaketi jekundu alinyoosha mikono, anachezea watazamaji.

Élysée aligeuka, akachomoa bidoni ya maji ambayo Aruna huifunga nyuma ya jeep kwa kupozea injini milimani, akafungua kifuniko kwa meno, akaimimina yote kichwani mwa yule motard. Hakuimimina kwa hasira. Alimimina kama mtu anayemwogesha mtoto, akizungusha, hakusahau masikio.

"Sabuni tutakuletea kesho," alisema.

Kisha rond-point nzima ililipuka, kina mama wa ndizi, wa mbao, wa chukudu, na safari hii hawakumcheka Ornella. Jaketi jekundu alipepesa macho, maji yenye kutu yanamdondoka kidevuni, akatafuta wa kupigana naye, akakuta hata wenzake wameshika mbavu na simu zinamtazama yeye.

Ng'ambo ya barabara, chini ya kofia yake, Kitsa alikuwa amesimama anaona. Watu wake wale aliowaogopa walikuwa wanamwona pia.

Lori likasogea. Aruna akaingiza gia, anasonya. "Bidoni nzima! Na mulima ya Kyondo nitaipandaje?"

Élysée alibaki kando ya mlango na bidoni tupu mkononi, hakujua kama anaruhusiwa kupanda. Kavira alitazama mbele tu. Hakucheka. Video ilikuwa bado inazunguka duniani, watu wa miji asiyoijua walikuwa bado wanauliza nauli, na kijana huyu alikuwa amenyamaza hotelini wakati wa kusema. Hilo nalo lilikuwa limeshaingia kichwani mwake, pamoja na kalenda na yule Mbelgiji, mahali ambapo hakuna kinachooza.

"Mama," Ornella alisema, anapangusa pua kwa kitenge. "Sogea."

Kavira akasogea. Kidogo.